Vipele vinavyorudirudi kwa mtoto mdogo: tibu ngozi, tibu na nyumba

Mtoto katoka vipele, kapakwa krimu ya duka la dawa, siku ya tatu ngozi imetulia, wiki ya pili vimerudi. Inanunuliwa krimu nyingine ya bei zaidi. Vinatulia, vinarudi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 6, mzunguko wa namna hii mara nyingi una maana moja: kinacholeta vipele hakijaguswa. Kipo kwenye godoro, kwenye ngozi ya mtu anayelala naye, kwenye nguo alizovikwa, au kwenye hiyo hiyo krimu. Ndiyo maana swali la "nimpake nini?" linapaswa kuja mwisho. Yanayotangulia ni haya: vinatoka sehemu gani za mwili, vinawasha zaidi saa ngapi, na nani mwingine humo ndani anajikuna.

Majina ya dawa humu yameandikwa kama yalivyo kwenye boksi, ili uweze kusoma na kulinganisha dukani.

Yasiyosubiri

Mpeleke mtoto kituo cha afya leo hii, bila kumpaka kitu, ukiona lolote kati ya haya:

- Hajafikisha miezi 2 na ana vipele vyenye usaha au malengelenge.
- Ana homa pamoja na vipele, hasa kukiwa na kikohozi, mafua na macho mekundu. Surua huanza hivyo.
- Ana madoa ya rangi ya damu au zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi ya kioo. Kwenye ngozi nyeusi fanya jaribio hilo viganjani na nyayoni, na angalia ndani ya kope la chini.
- Eneo limevimba, ni la moto, linauma na linapanuka saa baada ya saa. Likiwa karibu na jicho, usingoje kesho.
- Ngozi inachubuka yenyewe, au vidonda vimeingia mdomoni na machoni, hasa kama wiki chache zilizopita alianzishiwa dawa mpya kama co-trimoxazole.
- Amelegea, hanyonyi au anatapika kila kitu.
- Alikuwa na vidonda vya ngozi, na sasa anaamka uso umevimba au mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai ya rangi. Bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kuwa wamesababisha shida kwenye figo.

Tyubu inayoficha ugonjwa

Kabla ya uchunguzi wowote, chukua krimu zote zilizompitia mtoto na usome boksi. Kuna krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila aina ya kipele. Ndani yake mna steroidi kali (betamethasone au clobetasol), antibiotiki (gentamicin au neomycin) na dawa ya fangasi (clotrimazole au miconazole), vyote katika tyubu moja. Zinapendwa kwa sababu siku mbili tu mwasho unakata. Kinachokata mwasho ni steroidi, na hiyo hupunguza uvimbe bila kujali umeletwa na nini. Vidudu vya upele, ule ugonjwa wa kuwasha unaoambukiza (scabies), vinaendelea kutaga. Fangasi nayo inatambaa huku ule mviringo wake unaojulikana ukifutika, hata mtabibu akitazama haitambui.

Ngozi ya mtoto ni nyembamba na hufyonza dawa kwa wingi, na chini ya nepi inafyonza zaidi kwa kuwa eneo limefunikwa. Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa: mabaka meupe, ngozi laini inayochubuka upesi, michirizi mapajani. Kama umeipaka siku chache, iache, na tarajia mwasho kupanda kwa muda kabla haujashuka. Kama imepakwa kila siku kwa wiki nyingi sehemu kubwa ya mwili, usiikate ghafla peke yako. Nenda nayo kliniki, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo na unahitaji kuachishwa taratibu.

Siku mbili za kuchunguza

Mvue mtoto nguo zote mchana, karibu na mlango au dirisha. Taa ya umeme hudanganya. Anza kichwani ushuke: nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kitovuni, kiunoni panapobana mpira wa chupi, sehemu za siri, makalioni, nyuma ya magoti, vifundo vya mikono, katikati ya kila kidole, viganjani, nyayoni. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Unachokiona ni weusi uliozidi, rangi ya kijivu au zambarau, au vinundu unavyovihisi kwa mgongo wa kidole kabla ya kuviona. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, kwa hiyo usikate tamaa ukilinganisha ukakuta havifanani.

Piga picha kwa simu: moja ya mbali ionyeshe sehemu nzima ya mwili, moja ya karibu ukiwa umeweka sarafu pembeni kwa kipimo. Rudia kila wiki, sehemu ile ile. Kisha muulize kila anayelala nyumbani kama anawashwa, na umuulize peke yake. Dada wa kazi au mjomba aliyekuja juzi hatasema mbele ya watu kwamba anajikuna sehemu za siri.

Usiku wa pili, saa nane au tisa, washa tochi ghafla ukague mishono ya godoro, maungio ya kitanda na ukuta ulio karibu na mto. Kunguni aliyeshiba ni wa rangi ya damu ya mzee, mkubwa kama mbegu ya tufaha. Hata usipomkuta yeye utakuta vitone vyeusi vya kinyesi chake kwenye mshono. Futa kwa pamba yenye maji. Kikisambaa rangi ya kahawia nyekundu, ni chake.

Namna ya kusoma ulichokiona

Kama watu wawili au zaidi wanajikuna na mwasho unazidi usiku blanketi likishapata joto, fikiria upele wa kuambukiza kabla ya kitu kingine. Kidudu chake hakionekani kwa macho ya kawaida. Jike huchimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo. Sehemu zake ni katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani, kitovuni, kiunoni na makalioni. Kwa mvulana, kinundu kigumu cha kuwasha kwenye uume au korodani ni ushahidi mzito. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 hufika hata viganjani, nyayoni, kichwani na usoni, sehemu ambazo kwa mtu mzima huachwa. Anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiwaambukiza wengine. Aliyewahi kuupata huanza kujikuna ndani ya siku 1 hadi 4. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini kumtibu mtoto peke yake ni kupoteza pesa.

Kama ni mtoto mmoja tu, wa miaka 2 hadi 7, na vipele ni vigumu, vimekaa kwa makundi au kwa mstari wa viwili vitatu miguuni, mikononi au kiunoni, vingine vikiwa na kitone katikati, huo ni mzio wa kuumwa na wadudu. Wazazi hubisha sana hapa: "kama ni kunguni, mbona sisi hatuna?" Mnaumwa wote. Mwili wake ndio ambao haujazoea mate ya mdudu. Kuna jambo jingine linalopotosha: akiumwa leo mguuni, vipele vya zamani mkononi huamka na kuwasha upya, kwa hiyo huonekana kama ugonjwa unaotembea mwilini. Hauambukizi.

Vipele vidogo kama ncha ya sindano, vingi, shingoni, kifuani, mgongoni na kwenye mikunjo, vinavyotoka siku za joto na kupungua akipoa, ni harara. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huzidi wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi.

Ngozi kavu, yenye vinundu vidogo vilivyosongamana, inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, au mashavuni kwa mtoto wa chini ya mwaka, ni pumu ya ngozi. Mara nyingi utakuta ndugu mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio.

Vidonda vyenye ganda la rangi ya asali, hasa kuzunguka pua na mdomo, ni bakteria. Mara nyingi bakteria hao wamepanda juu ya kitu kingine: mtoto alijikuna kwa sababu ya upele au kunguni, kucha zikafungua mlango. Ukitibu ganda ukaacha upele, utarudi duka la dawa baada ya wiki tatu.

Vinundu laini vya kung'aa, vya milimita 2 hadi 5, vyenye kishimo kidogo katikati na visivyowasha sana, ni moluskamu, ugonjwa wa virusi. Jipu lenye tundu dogo juu, ambalo mtoto anasema kuna kitu kinachezacheza ndani, huenda lina buu la nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini mchangani.

Upele: kazi ya siku nane kwa nyumba nzima

Dawa iliyo rahisi kwa mtoto ni krimu ya permethrin ya asilimia 5, kuanzia umri wa miezi 2. Chini ya hapo ni kliniki, ambako mara nyingi hutumika mafuta ya salfa. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Kwa tyubu ya gramu 30, mtu mzima humaliza moja, mtoto wa miaka 6 hadi 12 nusu, wa mwaka 1 hadi 5 robo, wa miezi 2 hadi mwaka sehemu moja ya nane. Nyumba yenye baba, mama, mtoto wa miaka 7 na wa miaka 3 inahitaji gramu 82 na nusu, yaani tyubu 3 kwa awamu, na awamu ni mbili. Kama pesa haitoshi tyubu zote 6, subiri hadi itoshe. Kutibu nusu ya nyumba leo na nusu mwezi ujao ni kupokezana vidudu.

Ikiwa vidonda vya mtoto vina usaha, tibu usaha kwanza kwa siku moja au mbili, ndipo uanze. Dawa ya upele kwenye kidonda wazi inaunguza.

*Siku ya 1, jioni.* Kata kucha za kila mtu. Oga mapema, kisha ngozi ikauke na kupoa kabisa. Usipake mara tu baada ya maji ya moto. Mpake mtoto kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kuruka katikati ya vidole, kitovu, mfereji wa makalio, sehemu za siri na chini ya kucha. Chini ya miaka 2 paka pia kichwani, nyuma ya masikio na usoni, ukikwepa macho na mdomo. Mvalishe soksi mikononi asilambe. Watu wazima nao wanapaka usiku huo huo, anayewashwa na asiyewashwa, akiwemo anayerudi saa nne usiku amechoka. Mama anayenyonyesha afute chuchu kabla ya kunyonyesha, kisha apake tena. Yeyote akinawa mikono, apake tena mikono.

*Siku ya 2, asubuhi.* Baada ya saa 8 hadi 12, wote mnaoga na kuvaa nguo safi. Kusanya nguo, shuka, taulo, kanga za kubebea mtoto na foronya zilizotumika siku 3 zilizopita. Fua kwa maji ya moto kabisa na uanike juani hadi zikauke. Kisichofulika, kama sweta, midoli au begi, funga kwenye mfuko wa plastiki siku 3. Kidudu kikikosa ngozi ya mtu hufa. Godoro litoe nje mchana, litandikwe shuka safi. Hakuna haja ya kulichoma wala kupulizia nyumba dawa. Mtoto anaweza kurudi chekechea siku hiyo.

*Siku ya 8.* Rudia yote tena. Awamu hii ndiyo watu wengi huiruka kwa kuwa mwasho umepungua, na ndiyo inayoua vidudu vilivyoanguliwa kutoka kwenye mayai yaliyobaki.

Pasipo na permethrin kuna dawa ya maji ya benzyl benzoate ya asilimia 25, wengi wanaijua kwa jina la BBE. Ni ya bei nafuu, lakini inaunguza ngozi iliyokunwa, na kwa mtoto lazima ichanganywe na maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Mtoto wa miaka 2 hadi 12: mililita 30 za dawa kwa mililita 30 za maji. Chini ya miaka 2: mililita 15 za dawa kwa mililita 45 za maji, ikae saa 12 tu kisha umwogeshe; chini ya miezi 6, saa 6. Tikisa, changanya ya kutumia muda huo, itakayobaki mwaga. Kosa linaloonekana sana ni kumpaka mtoto mchanga ile ya mtu mzima bila kuchanganya, kisha mzazi anaambiwa mtoto ana "mzio wa dawa". Kurudia kwake fuata utakavyoelekezwa na mhudumu. Vidonge vya ivermectin havifai kwa mtoto wa chini ya kilo 15 wala kwa mjamzito.

Mwasho utaendelea wiki 2 hadi 4 baada ya vidudu kufa, kwa kuwa mabaki yao bado yamo kwenye ngozi. Usipake dawa ya upele kila siku kwa sababu hiyo. Itamkausha ngozi na kumwasha zaidi. Mpake mafuta ya mgando na usubiri. Kama baada ya wiki 4 vinatoka *vipya*, tafuta aliyerukwa: mara nyingi ni baba, mgeni, mlezi wa mchana, au mtoto wa shule ya bweni aliyerudi likizo.

Wadudu: kazi iko kitandani

Kwa mwasho, kitambaa cha maji baridi dakika 10, losheni ya calamine, au hydrocortisone ya asilimia 1 tabaka jembamba mara 2 kwa siku, isizidi siku 7. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 anaweza kupewa cetirizine ya maji ya miligramu 1 kwa mililita: mililita 2.5 asubuhi na 2.5 jioni. Chini ya miaka 2 muulize mhudumu kwanza. Hizo zote zinamtuliza mtoto apate kulala tu. Vipele vitakoma siku kuumwa kutakapokoma.

Kunguni: fungua kitanda chote, spana na yote. Mimina maji yanayochemka kwenye maungio, nyufa na matundu ya skrubu. Sugua mishono ya godoro kwa brashi ngumu, fua shuka na neti kwa maji ya moto. Ziba nyufa za ukuta. Sogeza kitanda angalau sentimita 15 kutoka ukutani, neti isiguse sakafu wala ukuta, na kila mguu wa kitanda uusimamishe kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Rudia baada ya wiki 2, kwa sababu mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa. Kuanika godoro juani kunasaidia, lakini peke yake hakumalizi: kunguni hukimbilia upande wa kivuli. Kuhama chumba nako hakusaidii, maana unahama nao kwenye nguo.

Dawa ya shambani, ile ya nyanya au ya pamba, isipulizwe kwenye godoro hata kama jirani anaapa kwamba kwake ilifanya kazi. Mtoto analala juu yake, anaivuta, anailamba. Kama mnahitaji kupulizia, itumike iliyosajiliwa kwa matumizi ya ndani, na mtoto asilale chumba hicho mpaka kikauke na kupitisha hewa kama lebo inavyosema.

Vipele vikiwa vimejaa kwenye vifundo vya miguu na chini ya magoti, angalia viroboto: mbwa, paka, kuku wanaolala jikoni, panya darini. Mnyama atibiwe, matandiko yake yafuliwe, sakafu ya udongo imwagiwe maji kabla ya kufagia.

Kuhusu buu la nguo, piga pasi pande zote mbili za kila nguo ya mtoto, pamoja na mishono, mikanda na nepi za kitambaa. Aliyekwisha kuingia, funika tundu kwa mafuta ya mgando. Akikosa hewa atajitokeza, umbonyeze taratibu pande zote mbili atoke mzima. Akikatikia ndani, nenda zahanati.

Harara na pumu ya ngozi

Harara haihitaji dawa, inahitaji hewa. Punguza nguo, achana na vitambaa vya nailoni, mwogeshe maji ya kawaida mara mbili, mkaushe mikunjo kwa kugusa badala ya kusugua. Mafuta mazito siku za joto huziba vitundu vya jasho vilivyoziba tayari, na poda ikichanganyika na jasho hufanya uji shingoni, tena vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto. Akipoa, siku mbili tatu zinatosha.

Pumu ya ngozi ni jambo la kuishi nalo, na nguzo yake ni mafuta. Mwogeshe maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10, sabuni isiyo na harufu na kidogo tu, sehemu chafu peke yake. Mkaushe kwa kugusagusa, kisha ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili mzima. Rudia mara moja au mbili tena kwa siku. Kopo la gramu 250 linatakiwa liishe ndani ya wiki moja hadi mbili; likidumu miezi miwili, hupaki ya kutosha. Sabuni kali za kuua vijidudu na maji yenye matone ya dawa ya kusafishia vidonda huikausha ngozi hii na kuirudisha nyuma.

Ikiwaka, mhudumu anaweza kuandika hydrocortisone ya asilimia 1. Kipimo chake ni kidole cha mtu mzima: krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Ipake kwenye mabaka tu, mafuta ya mgando ndiyo yapakwe kila mahali.

Vidonda vya ganda, na moluskamu

Ganda lilainishe kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, dakika 10, liondoke bila kulazimishwa. Dawa ikipakwa juu ya ganda haifiki kwa bakteria. Vikiwa vichache, mupirocin ya asilimia 2 mara 3 kwa siku kwa siku 5. Vikiwa vingi, au kukiwa na homa au tezi zilizovimba, anahitaji antibiotiki ya kunywa iliyoandikwa na mtabibu, na dozi imalizwe. Unga wa kidonge kilichosagwa usimwagwe kidondani. Taulo lake liwe lake peke yake.

Moluskamu iache. Huisha yenyewe, kwa kawaida miezi 6 hadi 18. Ukiikamua, kile cheupe kinachotoka ndicho chenye virusi na kitapanda pembeni. Vinundu vikivimba na kuwa vyekundu mwishoni, mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kuvishinda.

"Damu chafu" na mayai

Vipele hivi havitokani na damu chafu, na dawa za kunywa za "kusafisha damu" hazina cha kusafisha. Mafuta ya muarobaini asinyweshwe mtoto kabisa. Yamewahi kusababisha degedege na madhara makubwa kwa watoto wadogo. Mafuta ya taa, maji ya betri, sabuni ya unga na dawa ya meno visiguse ngozi yake.

Kuhusu chakula: mzio wa chakula mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula, kwa uvimbe bapa unaohamahama na kupotea ndani ya saa 24, wakati mwingine na midomo kuvimba au kutapika. Kipele kilichokaa mguuni wiki nzima hakikuletwa na yai la juzi. Wapo watoto walionyimwa mayai, dagaa na maziwa kwa miezi, wakapungua uzito, na kunguni bado wako kwenye godoro.

Ukienda kliniki

Beba tyubu na chupa zote, hata tupu, kadi ya kliniki, na picha zako. Usimpake chochote asubuhi hiyo. Sema lini vilianza, vilipotea kwa muda gani, nani mwingine anawashwa, na umekuta nini kitandani. Ukiandikiwa antibiotiki mara ya tatu bila mtoto kuvuliwa nguo, omba rufaa. Uliza hospitali ya wilaya au mkoa siku ya kliniki ya ngozi: hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosoma pale wametawanyika nchi nyingi za Afrika.

Vipele vya kuwasha mikononi na miguuni vinavyodumu miezi, moluskamu nyingi usoni, mapunye yasiyosikia dawa au majipu ya kila mara ni sababu ya kupima VVU, hata kama mama alipima mwanzoni mwa ujauzito. Pimeni, mjue, mtabibu aendelee na mengine.

Madoa meusi yanayobaki

Ngozi nyeusi ikipona huacha doa, na doa hukaa miezi mitatu hadi mwaka. Doa bapa lisilowasha ni kovu la rangi tu, halihitaji dawa. Kwenye picha zako za wiki kwa wiki ndipo utakapotofautisha: doa la zamani linafifia pale pale, kipele kipya kinatokea pasipokuwa na kitu. Mtoto asipakwe krimu ya kung'arisha, na mama anayetumia mkorogo asimpake mafuta kwa mikono iliyotoka kujipaka, kwa sababu steroidi, zebaki na hydroquinone huhamia kwenye ngozi yake. Mafuta ya mgando jioni, kofia na mikono mirefu juani, basi.